Barua ya Joakimu Iko Kwenye Foleni

Jumanne, 9 Agosti 2011

Nimerudi kutoka Katesh na vumbi mpaka kwenye meno. Kikao cha kamati yetu ya kudai ardhi. Hatimaye tangazo limetoka kwa maandishi: sehemu ya shamba la ngano itarudishwa kwa waliohamishwa mwaka 1979. Endamaka, kijiji chetu, imo! Nilisimama dirishani nikaisoma ile karatasi mara tatu.

Masharti. Kila kaya ilete watu wawili waliozaliwa pale kabla ya kuhamishwa. Kila mmoja athibitishe kwa maandishi. Aliye mbali anaweza kutuma barua pepe, ikachapishwa, ikapelekwa ofisi ya wilaya. Mwisho Ijumaa, 9 Septemba, saa tisa na nusu alasiri. Kaya yenye mtu mmoja inafutwa.

Tulizaliwa watano. Tumebaki wawili. Mimi — na Joakimu.

Nicodemo, mtoto wa marehemu kaka yangu Nikolausi, hahesabiki. Amezaliwa 1980, hapa Nangwa. Akasema, shangazi nisamehe, nimechelewa mwaka mmoja tu. Tukacheka.

Nicodemo anafundisha kompyuta sekondari. Ndiye aliyeitengenezea kamati programu ya rejesta: majina 212, watu waliotawanyika kuanzia Kiteto mpaka Kilombero. Programu inamwandikia kila mmoja barua na kuituma yenyewe. Leo ameibonyeza mbele yetu. Zimeondoka zote 212. Tuseme hivi — kompyuta imesema zimeondoka.

Alhamisi, 11 Agosti

Hazikuondoka.

Mwenyekiti wetu, Maximilian, amewapigia simu watu kumi ambao namba zao anazo. Hakuna aliyepata kitu. Nicodemo amechunguza. Wakati programu inatuma, modemu ilikuwa imekata. Na programu yake ina tabia ya ajabu: inagonga mlango mara moja, usipofunguliwa, inaitupa barua na kwenda kwa mwingine. Haiandiki popote kwamba imeshindwa!

Nilikasirika kuliko ilivyostahili. Nimefanya kazi ya simu za maandishi, telegramu, miaka thelathini na moja, mpaka shirika la posta na simu lilipogawanywa na sisi wa mashine tukaambiwa asanteni. Katika miaka hiyo yote sikuona ujumbe ukitupwa kwa sababu waya umekatika. Unaupokea, unaandika saa, unauweka kwenye trei. Waya ukipona unautuma. Ukikataa, unarudia. Ndiyo maana kulikuwa na vituo vya kupokezana njiani.

Nikamwambia Nicodemo hayo kwenye simu. Akasema kitu hicho kipo, shangazi, na kinakaa kwenye seva, kompyuta ileile ya programu. Programu inamkabidhi barua huyo jirani yake halafu inaendelea na shughuli zake. Jirani ndiye anayehangaika na dunia.

"Nani atamweka huyo jirani?"

Yeye mwenyewe kesho anakwenda Babati, semina ya wiki tano.

"Basi nitumie maelezo."

"Shangazi, ni kurasa arobaini. Za Kiingereza."

"Kwani nimekuuliza ni ngapi?"

Jumatatu, 15 Agosti

Seva ya kamati iko dukani kwa Yasmini, Katesh, chini ya meza ya fotokopi. Ni kompyuta ya kawaida, nzee, imefungwa kitambaa ili vumbi lisiingie. Yasmini ana stesheneri na mashine sita za intaneti. Baba yake aliuza nguo hapohapo. Nilinunua kwake kitenge cha kwanza cha mshahara.

"Shikamoo bibi. Leo umekuja kuchapa?"

"Marahaba. Nimekuja kujenga posta."

Akaniangalia. Amefunga, hana nguvu ya kubishana. Akavuta kiti.

Nimesoma kurasa kumi na nne. Si ngumu. Ni ndefu, lakini aliyeandika alikuwa mtu mwenye mpangilio. Programu ya posta yenyewe inaitwa Postfix. Unaiambia mambo machache: jina lako nani, barua za nje umkabidhi nani, neno la siri la kumfungulia, na unapokea barua kutoka kwa nani. Vidole bado vinajua kazi. Mteja mmoja akamuuliza Yasmini huyu bibi anachati na nani kwa kasi hiyo. Akajibiwa: mchumba wake yuko Ulaya, na ana wivu.

Saa tano na nusu, mgao wa umeme. Giza la mashine zote kwa mpigo mmoja. Nimerudi Nangwa na kurasa zangu.

Alhamisi, 18 Agosti

Siku ya tatu dukani. Leo nilikosea nukta moja na jirani akakataa kuamka kabisa. Saa mbili nzima kutafuta nukta! Nimeipata.

Baada ya hapo nikajiandikia barua ya majaribio. Nikachomoa modemu kwa makusudi. Nikatuma. Nikauliza foleni: barua moja, inasubiri. Vizuri. Mara mgao — na seva yenyewe ikazimika. Yasmini akasema bibi, si umesema haipotei? Nikasema nimesema. Tukakaa. Umeme ukarudi saa kumi. Nikawasha, nikachomeka modemu, nikauliza tena.

Foleni: barua moja.

Dakika sita. Nikauliza tena.

Foleni: hakuna kitu.

Na kwenye mashine namba mbili barua yangu imeingia, na maneno yangu yote yamo! Nimepiga meza. Yasmini amepiga meza. Mwenye kuja kutoa fotokopi ya cheti cha ubatizo amepiga meza pia, hajui kwa nini.

Ijumaa, 19 Agosti

Naandika hili kwa sababu sijawahi kuliandika.

Juni 1979 Joakimu alinitumia simu ya maandishi. Njoo, matrekta yanaingia wiki hii, mzee hataki kutoka. Aliandika "Efrazia" na jina la ofisi yetu, basi. Sote tuliokuwa na ndugu vijijini tulitumia anwani ya ofisi. Mimi nilikuwa nimepelekwa kituo kingine wiki tatu kumshikia mtu zamu. Kulikuwa na Efrazia mwingine, wa masijala. Akaipokea, akaona si yake, akaiweka kwenye kisanduku cha wafanyakazi wote. Ikalala chini ya magazeti.

Nilifika Endamaka siku kumi na moja baadaye, kwa kusikia habari kwa watu. Hapakuwa na Endamaka. Palikuwa na udongo uliogeuzwa, mweusi, mzuri, na mtaro. Baba alikuwa Nangwa kwenye turubai la watu. Joakimu alisimama nje ya turubai. Akasema:

"Wewe ndiye mwenye waya. Na waya haukukufikia?"

Sikujibu. Sikuwa hata na habari ya simu yoyote. Niliikuta kwenye kisanduku niliporudi kazini. Baba alikufa Novemba. Joakimu akaenda Kilombero kwenye miwa. Miaka thelathini na miwili. Nimeishi nyumba za watu tangu siku hiyo — za shirika, za kupanga, sasa chumba cha nyuma kwa Nicodemo. Sijawahi kupanda mti.

Anwani yake niliipata kwa mtu tuliyekutana mazishini: barua pepe ya ofisi ya parokia kule. Simu hana. Au hataki kuwa nayo.

Barua ya programu inaanza, "Ndugu mhusika". Nafuu. Sina la kutafuta kusema.

Jumamosi, 20 Agosti

Habari za jirani yangu zimeenea. Katibu wa parokia ya hapa ameuliza kama barua zake nazo zinaweza kusubiri umeme kwenye foleni. Bwana mifugo vilevile. Mwalimu wa shule ya msingi pia, na wote wanatumia mashine za Yasmini.

Maelezo yanasema pokea barua kutoka kwenye seva yenyewe tu. Nimefikiri. Nimekaa dirishani miaka yote ile. Mtu aliyesimama mbele yako na barua mkononi humfukuzi. Nikabadilisha mstari ule. Nimeruhusu mashine zote za dukani.

Yasmini: "Bibi, una uhakika?"

Mimi: "Posta haimkatai mtu."

Jumatatu tunatuma za kamati.

Jumatatu, 22 Agosti

Foleni: barua 4,611.

Nimeandika namba hiyo kama nilivyoiona. Za kamati hata sikuwa nimezituma. Nyingine kwa herufi za Kirusi. Nyingine zinauza dawa za wanaume. Zote zimetoka mashine namba nne. Mtu alichomeka flashi yenye virusi, virusi vikaona dirisha liko wazi na karani mwema amekaa, vikapanga mstari usiku kucha. Jirani yangu akapokea zote. Akaandika saa. Akarudia kila iliyokataliwa. Kama nilivyomfundisha.

Kampuni ya mtandao imefunga akaunti ya kamati. Ujumbe ni mfupi: inatuma takataka, imesimamishwa.

Maximilian alikuja mwenyewe. Akavua kofia.

"Dada Efrazia. Hizi dawa za wanaume, na mimi ningetumiwa?"

Nikacheka huku machozi yananitoka. Kisha akasema kwa upole kwamba zimebaki siku kumi na nane, na kuna watu 212, na kama ni kuacha twende kwa basi kuwatafuta, niseme leo. Nikamwambia hatuachi. Akaniuliza nimekosea wapi. Nikamwonyesha mstari. Neno moja na tarakimu chache. Akautazama sana.

"Ni mstari huu tu?"

"Ni huu tu."

"Basi urudishe ulivyokuwa, dada. Katibu wa parokia ana miguu."

Jumanne, 23 Agosti

Nimerudisha mstari. Seva inapokea kutoka kwake yenyewe, basi. Nimejaribu kutuma kutoka namba mbili: imekataliwa. Vizuri. Namba nne Yasmini ameisafisha upya, na ameandika karatasi ukutani: FLASHI ZIKAGULIWE KWANZA. Nimeiandikia kampuni barua ya ukurasa mmoja. Kilichotokea, saa ngapi, kosa la nani (langu), nimerekebisha nini. Sikuomba huruma. Nimetoa maelezo tu.

Jumamosi, 27 Agosti

Hakuna jibu.

Jumatano, 31 Agosti

Idi. Yasmini amefunga duka, kanitumia sahani ya pilau kwa pikipiki mpaka Nangwa, bado ya moto! Na karatasi ndogo juu ya kifuniko: Bibi, wamejibu. Akaunti imefunguliwa. Wamesema asante kwa maelezo kamili.

Nimekula nimesimama.

Alhamisi, 1 Septemba

Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Yasmini kabla hajafungua. Umeme upo. Modemu taa ya kijani. Nimeibonyeza programu ya Nicodemo na kukaa mbele ya logi, daftari la jirani la kila barua, kama mtu anayetazama maziwa yasichemke yakamwagika.

Zinakwenda. Moja moja. "Imetumwa." "Imetumwa." Saa nne modemu ikakata, jirani akazishika zilizobaki, akatulia. Saa tano ikarudi, akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Zilizokataliwa kwa sababu anwani haipo ni tisa. Nimempa Maximilian majina awatafute kwa njia nyingine.

Niliutafuta mstari wa Kilombero. Uko. Ile anwani ya parokia, saa tano na dakika kumi na mbili: imetumwa, imepokelewa upande wa pili.

Nikaunakili mstari huo kwenye daftari.

Jumamosi, 3 Septemba

Uthibitisho unaingia, mpaka Yasmini amelalamikia wino. Maximilian anabeba karatasi ofisini kila jioni kwenye mfuko wa sukari.

Kutoka Kilombero limekuja jibu moja. La Bura, mtoto wa jirani yetu wa zamani. Anathibitisha, anasalimia, anauliza kama ule mti wa mgunga bado upo.

Kwa hiyo anwani inafanya kazi. Barua zinasomwa kule.

Joakimu kimya.

Jumapili, 4 Septemba

Misa. Sikusikiliza. Basi. Bado ana hasira, na ni haki yake. Nimefanya nilichoweza, nitathibitisha upande wangu, kaya yetu itafutwa na nitajua kwa nini.

Jumatatu, 5 Septemba

Mimi ni mjinga na mzee, na yote mawili yamenipata siku moja.

Leo, kwa kukosa la kufanya, nimehesabu mistari ya logi. Kazini tulihesabu kila kitu, maneno, herufi. Nilipaswa kuhesabu Alhamisi. Rejesta ina watu 212. Jirani alipokea kutoka kwa programu barua 171.

Arobaini na moja ziko wapi?

Nikampigia Nicodemo. Akafikiri. Akasema, aa, shangazi, hizo ni marudio. Programu ikiona anwani ileile mara ya pili inaruka, ili mtu asipate barua mbili.

"Nicodemo. Wewe umekulia sanduku la posta la nani?"

"La misheni."

"Na nani mwingine?"

Nikasikia anakaa chini.

Nangwa nzima tumetumia sanduku moja! Watu mia tatu, sanduku moja, na padri akisoma majina baada ya misa. Na huko walikotawanyika wamefanya vilevile: mwenye barua pepe ni mmoja, wengine wote wanapitia kwake. Kilombero watu sita wameandika anwani ya ile ofisi. Wa kwanza kwa alfabeti ni Bura. Programu ikamwandikia Bura. Watano waliobaki ikawaona ni marudio.

Joakimu hakunyamaza. Joakimu hakuandikiwa.

Kwa mara ya pili.

Jumanne, 6 Septemba

Nicodemo alinisomea kwenye simu mstari wa kufuta, neno kwa neno. Nikamrudishia kila neno kama tulivyofanya kazini. Tukafuta. Nikaongeza la kwangu: juu kabisa ya kila barua, jina la mwenyewe kwa herufi kubwa, na "apewe mkononi, au asomewe"; chini kabisa, mtumaji: Efrazia. Barua arobaini na moja. Saa saba mchana zote zimeondoka. Nimezihesabu mara mbili.

Yasmini ameuliza, bibi, ya kaka yako huongezi hata salamu?

Nikamwambia kila mtu apate barua ileile. Utaratibu.

Alhamisi, 8 Septemba

Thelathini na nne wamejibu kati ya arobaini na mmoja. Kilombero, watatu. Hayumo.

Nimepeleka uthibitisho wangu mwenyewe. Karani aliniuliza jina la mahali nilipozaliwa, nikamtajia herufi moja moja. Ameandika: kaya hii, mtu mmoja.

Ijumaa, 9 Septemba

Saa sita na nusu mchana. Naandika dukani.

Limeingia jibu! Limeandikwa na Qamara, anayejitaja kuwa karani wa parokia kule. Nalinakili lote:

"Shikamoo mama. Barua ya Mzee Joakimu nimempelekea mwenyewe shambani jana. Nimemsomea mara mbili. Leo asubuhi amekuja hapa ofisini kwa miguu na amekaa kwenye benchi. Anasema kabla hajathibitisha anauliza jambo moja. Anauliza, hii barua imeandikwa na mashine, au na Efrazia? Anasubiri hapa."

Namba ya simu huyu Qamara hakuweka. Mtoto mwema, lakini hakuweka namba!

Yasmini amesoma juu ya bega langu. Akaondoka, akaenda kupanga kalamu zilizokwisha kupangwa.

Saa saba na robo. Nimefuta mara nne. "Ndugu mhusika" imenizoeza vibaya. Mwisho nimeandika hivi:

"Joakimu. Ile ya kwanza imeandikwa na mashine. Hii ni mimi. Simu yako ya 1979 ilifika ofisini nikiwa kituo kingine, ikawekwa kwenye kisanduku cha watu wote, nikaikuta imelala chini ya magazeti baada ya kutoka kwenye turubai la baba. Ninayo mpaka leo. Sikukwambia kwa sababu niliona haya kwamba waya ulikuwa wangu. Thibitisha au usithibitishe, lakini jua kwamba sikuisoma nikakaa. Dada yako."

Nimetuma saa saba na dakika ishirini na mbili.

Saa saba na dakika ishirini na nne, mgao. Yasmini ana jenereta ndogo ya fotokopi. Ameiwasha, seva imeamka, lakini modemu taa nyekundu. Mnara nao umezimika. Simu za Katesh zote zimekufa. Watu wamesimama barabarani wakiinua mikono na simu zao.

Nimeuliza foleni. Barua moja. Imepokelewa 13:22. Inasubiri.

Saa nane. Maximilian amekuja na mfuko wake wa sukari. Nikampa habari. Akasema atakwenda ofisini kumsemesha karani, ana hadithi ndefu ya ng'ombe wa marehemu baba yake inayoweza kufika saa kumi.

"Na kaka yako, atasubiri?"

"Amekaa kwenye benchi."

Saa nane na dakika arobaini. Jirani amejaribu. Amekataliwa. Ameandika saa.

Saa nane na dakika hamsini. Amejaribu tena. Yasmini anamimina petroli kwenye jenereta kwa chupa ya soda, mkono mmoja ameshika mtandio usiguse.

Saa tisa na dakika tatu. Zimebaki dakika ishirini na saba. Taa ya modemu imepepesa mara moja. Nyekundu.

Nimeuliza foleni. Barua moja.